Gari Niliyoifunika Blanketi

Hii stori kila nikiisimulia mjinga ni mimi, na hakuna mwingine wa kumsingizia. Nimejaribu. Nilianza kumsingizia fundi, ikakataa. Nikahamia kwenye baridi ya Itiryo, nayo ikakataa. Nikabaki mimi na blanketi.

Shangazi yangu ana pikapu. Yeye anakaa Mugumu, anauza ndizi sokoni, na ndizi zenyewe zinatoka kwetu Itiryo, huku juu milimani. Pikapu ilikuwa imechoka mpaka ikawa inakula oili kuliko mafuta. Shangazi akaipeleka gereji Bomani, pale Tarime mjini, injini ikafumuliwa yote. Silinda zikachongwa, pistoni mpya, ringi mpya, ndani kila kitu kikanukia upya wa dukani. Nje ilibaki vilevile, na mlango wake wa kushoto unaofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Mimi wakati huo nilikuwa naosha magari palepale Bomani. Nilikuwa na leseni mpya ambayo kazi yake ilikuwa kuonyeshwa watu. Shangazi akanipigia simu.

"Mura," akasema. Kwetu kijana wa kiume akiitwa mura kwa sauti ile, ajue kuna mahali anatumwa. "Gari imetoka kwa fundi. Ichukue, nenda nayo kwa bibi yako, iendeshe huko mpaka injini ikae sawa. Siku ya mnada niletee huku na ndizi. Ikifika inavuta vizuri, funguo inabaki kwako, wewe ndiye dereva wangu. Ikifika inafuka moshi, nampa yule wa machimboni."

Yule wa machimboni namjua. Alitoka Singida kufuata dhahabu Nyamongo, dhahabu ikamkataa, akashika malori ya mchanga. Mtu mpole, muda wote ana kijiti mdomoni. Ukimtania anakusikiliza mpaka unamaliza, halafu anahamisha kijiti upande wa pili, basi. Mimi sina ninachokichukia kama mtu asiyejibu. Nikaapa ile funguo hataigusa.

Nikaenda gereji. Fundi wetu ni Msukuma, naye alikuja na kundi la dhahabu akaishia kwenye spana, na anaongea kama anayemwaga uji wa moto, taratibu asijichome. Akanisimamisha mbele ya boneti akaanza somo.

"Dogo, hii sasa ni injini mpya. Usiipige mbio. Umesikia? Mbio hapana."

Hapo nilisikia. Tatizo ni yaliyofuata. Kile kioo cha pembeni kilikuwa kimenielekea, na ndani ya kioo kulikuwa na dereva mmoja mzuri ajabu, amevaa kofia. Nikaanza kumrekebisha kofia. Kwa mbali nilisikia fundi anaendelea, kilima, kanyaga, achia, usiiache nini sijui imesimama nini, mzigo mdogo, oili. Mimi niko na kofia.

"Umeelewa?"

"Fundi, mimi nimezaliwa na injini."

"Na mama yako alipona?"

Gereji nzima ikacheka. Nikapanda, nikaondoka kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai.

Nilifika Itiryo nikiwa na neno moja tu kichwani, kwamba mbio hapana. Njiani nikalikuza lile neno. Nikajiambia, kama mbio ni mbaya, basi polepole ni nzuri, na kama polepole ni nzuri, kusimama kabisa si ndiyo bora zaidi? Ona akili hiyo. Injini itaunguruma palepale uani, vyuma vizoeane, hakuna shimo, hakuna kilima, hakuna vumbi. Siku ya mnada inatoka imeiva.

Asubuhi ng'ombe wakishakamuliwa tu, nawasha. Naiacha inaunguruma mpaka ng'ombe wanarudi kutoka mtoni kunywa maji. Mimi nimekaa pembeni kwenye kigoda na kitambaa, nafuta hata ambapo hapajachafuka. Na kwa kuwa kwetu asubuhi ni baridi, nikaingia ndani nikachukua blanketi la bibi nikaifunika boneti.

Bibi akatoka na fimbo yake. Akaliangalia blanketi, akaniangalia mimi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, bibi. Injini ni mpya. Hii ni kama mzazi. Mzazi si anakaa ndani, anapewa uji, hashiki kazi mpaka apate nguvu?"

"Mzazi wa kwenu huyo," bibi akasema. "Mimi baba yako nilimzaa asubuhi, jioni nilikuwa nakata kuni."

Lakini blanketi aliniachia. Nikaona nimeshinda.

Habari ikaenea kwamba kwa bibi kuna gari. Kwetu gari ikilala nyumbani kwa mtu, majirani wote wana safari. Wa kwanza alikuja mama wa kwaya, mwanamke mmoja sauti yake ukiisikia kanisani unafikiri wako watatu. Alitaka ngoma zao na spika zipelekwe kanisa la ng'ambo ya kilima.

"Mama, samahani, injini bado changa," nikamwambia.

"Changa kivipi? Mbona inalia kama kubwa?"

"Bado changa, mama."

Akaja baba mdogo, mdogo wake baba yangu, anataka nguzo za boma la ng'ombe. Boma lake lilikuwa limelala upande mmoja, ndama wanatoka wanavyotaka. Nikamwambia injini bado changa. Akasimama anaitazama inaunguruma, akasema, "Mwanangu, mimi ng'ombe nikimfundisha kulima simsimamishi zizini akajifunza kupumua." Nikacheka, nikamwambia baba mdogo, ng'ombe na gari ni vitu viwili. Niliongea kwa huruma kabisa, kama mtaalamu.

Na kilichonimaliza mimi ni hiki. Bibi alikuwa na debe la mahindi la kupeleka mashineni kusagwa. Mashine iko mbali, kupanda na kushuka. Akasimama karibu na gari, hakuomba, alisimama tu. Nikajifanya nafuta taa. Bibi akajitwika debe, akashika fimbo, akapita mbele ya gari inayounguruma bure imevaa blanketi lake. Na mimi, ili asione nimemdharau, nikampigia honi ya heshima.

Hiyo honi mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu natukana kwa sauti.

Moshi ulianza kidogokidogo. Mwanzo kijimoshi cha bluu wakati wa kuwasha. Nikasema ni uchafu wa vyuma vipya. Halafu ukawa unatoka muda wote, mwembamba, kuku wakahama upande ule wa uani. Nikapima oili, imeshuka. Nikaongeza. Kesho yake imeshuka tena. Nikajiliwaza, mtoto mchanga si lazima anyonye?

Siku hiyo bibi alikuwa anaanika ulezi, moshi ukamfuata mpaka kwenye mkeka. Akakohoa, akauliza, "Huyu mzazi wako, ameshajifungua?"

"Bado anapata nguvu, bibi."

"Ameshajifungua. Amezaa moshi."

Nikacheka, lakini nikaanza kuhesabu siku. Mnada ulikuwa umekaribia. Nikawa namwona kichwani yule wa machimboni amekaa kwenye kiti changu, anahamisha kijiti.

Nikaitoa gari barabarani kwenda Bomani kwa fundi. Kilima cha kwanza tu, nikakanyaga mafuta, ikaguna kama mzee anayeamshwa. Nikakanyaga zaidi, nyuma yangu mawingu ya bluu. Mwanaume mmoja na punda wake wawili wa maji akanifikia, akatembea sambamba na dirisha langu.

"Umebeba nini?" akauliza.

"Sijabeba kitu."

Akaangalia nyuma ya pikapu, kweli tupu. Akanionea huruma, akanipita. Punda mmoja alinigeukia.

Fundi aliweka kiganja kwenye bomba la moshi, akakitoa kinang'aa oili, akakinusa, ndipo akaniambia, "Niambie ulivyoifanya. Usifupishe."

Nikamwambia yote. Nilipofika kwenye blanketi akainua mkono.

"Subiri." Akawaita mafundi wenzake. "Anza tena hapo kwenye blanketi."

Nikarudia. Walicheka mpaka mmoja akalala kwenye tairi. Wakishamaliza, fundi akachukua panga lililokuwa pale pembeni na kipande cha jiwe la kunolea.

"Dogo, angalia." Akalipapasa panga juu ya jiwe, kama anampaka mtoto mafuta. "Hapa nalinoa?"

"Hapana. Unalipapasa."

"Ukipapasa siku nzima?"

"Litang'aa tu."

"Haya." Akalikandamiza, jiwe likalia. "Ringi ziko hivi. Zikikandamizwa ndipo zinashika ukuta wa silinda, zinaziba oili isipite. Na kinachozikandamiza ni kazi. Kilima na mzigo. Wewe umezipapasa huko kwenu, ukuta umekuwa kama kioo, oili inapita inavyotaka, inaungua, ndiyo moshi. Nilikuambia, kanyaga, achia, kanyaga, achia, mwendo usiwe mmoja, na usiiache imesimama inaunguruma. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Ulikuwa wapi?"

Siwezi kumwambia mtu mzima kwamba nilikuwa ndani ya kioo.

Akamwaga oili, akaweka nyingine. Akaniambia nafasi ipo, ila ni moja. "Ipakie mzigo wa maana, si wa kuivunja mgongo. Itafutie vilima. Kupanda unakanyaga, lakini usiivute na gia kubwa ikawa inatetemeka, rudisha gia. Kushuka unaachia mafuta, injini ishike gari yenyewe. Fanya hivyo mpaka ufike Mugumu. Ikishika imeshika. Isiposhika tunafumua tena, na shangazi yako atajua kabla sijagusa spana."

Sasa mzigo nautoa wapi? Watu wenye mizigo ni walewale.

Nilianza kwa mama wa kwaya kwa sababu ni mtu wa Mungu. Nikamkuta anapepeta.

"Shikamoo mama. Zile ngoma na zile spika bado zina safari?"

Hakuacha kupepeta. "Zina safari. Ila spika zetu bado changa."

"Mama jamani."

"Zinapata nguvu. Labda tuzifunike kwanza." Wale wanakwaya wawili waliokuwa naye wakaingia ndani kwenda kucheka vizuri.

Kwa baba mdogo haikuwa nafuu. Alinipeleka mpaka kwenye nguzo zake, akazipapasa moja moja kama anayeuza ng'ombe. "Hizi nguzo nilitaka kuzibeba mwezi huu," akasema, "lakini nikafikiri, mti ukikatwa na wenyewe umezaliwa upya, si vizuri kuusumbua." Aliyasema hayo na uso mkavu kabisa. Nikamsihi. Nikamwambia ukweli, kwamba kiti cha dereva kinaondoka, na nisipokipata narudi Bomani kwenye ndoo na sabuni. Akanitazama, akakuna shingo, akasema, "Pakia mwenyewe. Mimi nitahesabu."

Nilipakia mwenyewe. Mama wa kwaya alipoona nimeloa jasho, akaleta ngoma zake na spika na wimbo juu. Ile siku nilipanda na kushuka kilima cha kanisa, nikapanda na kushuka kwenda kwenye boma la baba mdogo, nikakanyaga, nikaachia, nikakanyaga, nikaachia, na kila nilipopita watoto walikuwa wanapiga kelele, "Mzazi katoka nje!" Moshi ulikuwepo bado.

Asubuhi ya mnada nikapakia ndizi za shangazi, mikungu imejaa mpaka juu ya kichwa cha gari. Nikaenda kwa bibi kuaga. Nikamkuta amevaa gauni la kanisani, fimbo mkononi, kikapu kimefungwa.

"Na mimi ni mzigo," akasema. "Fungua mlango."

Nikafungua ule mpira wa baiskeli, akapanda.

Ndizi zilikuwa zimeziba kioo cha ndani, na vile vya pembeni vinaonyesha majani tu. Nyuma nilikuwa sioni kitu. Kwa hiyo kwenye kila kilima nilikuwa namwomba bibi atoe kichwa dirishani aangalie.

"Bibi, moshi upo?"

"Upo."

"Mwingi?"

"Wa kutosha kukausha nyama."

Nakanyaga, narudisha gia, inalia, inapanda. Naachia kushuka, injini inashika gari. Nakanyaga tena. Tulivyoanza kushuka kuelekea Nyamongo, nikamuuliza tena. Akasema umepungua, halafu akasema labda ni upepo. Nikaanza kusikia injini imebadilika sauti, ule mguno wa mzee umeondoka, lakini naogopa kuamini masikio yangu, maana ndiyo yaleyale yaliyomsikia fundi. Tukavuka Mto Mara. Upande wa Serengeti kuna mpando mrefu, nikakanyaga, na gari ikapanda. Namaanisha ikapanda, mpaka bibi akashika dashibodi.

"Bibi! Upo?"

Bibi akatoa kichwa muda mrefu. Kilemba kinapeperuka.

"Siuoni."

Nikapiga kelele ya furaha.

"Tulia," akasema. "Hata yule ng'ombe pale simwoni vizuri. Ni macho yangu."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Mugumu, sijui kama mimi ni dereva au muosha magari. Shangazi alikuwa amesimama karibu na meza yake sokoni. Na pembeni yake, amekalia gunia, yupo yule wa machimboni na kijiti chake. Ameitwa mapema, awe tayari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Usizime."

Akatoa kitambaa cheupe, kile cha kufutia jasho, akazunguka nyuma, akakishikilia mbele ya bomba. "Kanyaga." Nikakanyaga. "Achia. Kanyaga tena." Akarudi na kitambaa, akakinyoosha juani. Kulikuwa na doa. Dogo, la rangi ya chai. Akampa yule wa machimboni, naye akakinusa, akakigeuza, kijiti kikahama upande wa pili.

"Imeshika," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiongea. "Ila ilitaka kufa. Ulifanyaje?"

Nikafungua mdomo kutafuta uongo, lakini bibi alishaanza. Hata hajashuka vizuri, mguu mmoja ndani mmoja nje, akaanza na blanketi, akaja kwenye mzazi, akaja kwenye debe la mahindi, na ile honi akaipiga kwa mdomo wake mwenyewe, sawasawa kabisa. Wauza nyanya wakaacha kuuza. Yule wa machimboni alicheka mpaka kijiti kikadondoka, na mimi, pamoja na aibu yote, nikajihisi nimeshinda kitu.

Shangazi hakucheka. Ile ya debe ilimwingia, maana aliyelibeba ni mama yake mzazi. Akazima gari, akachomoa funguo, akabaki nayo mkononi.

"Mama," akamuuliza bibi, "huyu nimpe kweli?"

Bibi akalifikiria lile swali mpaka mimi nikawaza ndoo na sabuni. "Tangu jana amebeba nguzo, amebeba ngoma, amebeba ndizi, amenibeba na mimi," akasema. "Na barabara nzima hajaangalia kioo, kilikuwa kimezibwa. Mpe."

Shangazi akanirushia funguo. Nikaidaka. Tukashusha ndizi, yule wa machimboni akasaidia, na hata akanipa mkono. Ilipofika saa ya kumrudisha bibi nyumbani, nikapanda kwenye kiti changu, changu kweli sasa, nikawasha. Ndizi hazipo, vioo viko wazi. Nikaona kofia imekaa upande. Nikaanza kuirekebisha.

"Mura," bibi akasema pembeni yangu, macho yake mbele barabarani. "Twende. Ukiendelea kusimama hapo unaunguruma, blanketi lipo kwenye kikapu."